Ngano Mwitu Dirishani

Ilikuwa Jumanne ya likizo fupi ya mwisho wa Mei, saa tano na nusu asubuhi, shangazi aliponiita kutoka chumba cha mbele: "Njoo uone, mwanangu. Nimekupalilia."

Nilikuwa jikoni namtilia chai. Shangazi anakaa mtaa wa Nechells, huku huku ughaibuni, na akija mtaani kwetu Sparkhill hawezi kukaa bure akimngoja mama atoke kazini. Mara iliyopita alifua mapazia. Safari hii aliviona vyungu vyangu viwili dirishani. Kimoja kilikuwa na ngano ya kawaida, ya shambani. Cha pili kilikuwa na jamaa yake wa porini, majani membamba yenye masuke yaliyokonda. Sasa hicho cha pili kilikuwa na udongo mtupu.

"Ahsante, shangazi," nikasema, nikimpa kikombe chake. Kweli nilisema hivyo.

Mwalimu wetu wa Biolojia alitaka tuzichanganye hizo mbili, kwa sababu ile ya porini haishikwi ovyo na ugonjwa wa kutu, na ya shambani imeshausahau ujanja huo. Tatizo ni kwamba ngano hujichavusha yenyewe. Lazima uyawahi maua yakiwa mabichi, utoe vifuko vya chavua kwa kibano, kisha ulifunike suke kwa bahasha ya karatasi. Darasani wote walichelewa. Suke langu tu ndilo lililowahi, nadhani kwa vile sina wa kupiga naye soga. Mwalimu akanipa nilipeleke nyumbani, pamoja na mche pekee wa ngano mwitu uliokaribia kuchanua. Ilibidi nichavushe Jumanne hiyo au kesho yake. Baada ya hapo maua yangezeeka, na kazi ya darasa zima ingeharibikia mikononi mwangu.

Kwa hiyo nikauliza, kwa Kiingereza na kwa sauti ndogo, majani ameyapeleka wapi.

"Sema nikuelewe, we mtoto. Masikio yangu hayakusoma skuli za huku."

Kiswahili nakielewa chote, lakini kukisema mbele ya wakubwa nakwama. "Yale majani… yako wapi?"

"Pipani, nje. Magugu yale! Sisi tumekulia mabonde ya mpunga. Kitu kikijifanya mpunga na si mpunga, mkono unakwenda wenyewe."

"Yale ni mume."

"Mume wa nani?"

"Wa ngano." Uso ulikuwa unaniwaka. Mambo ya kiume na kike sijawahi kuyazungumza na mtu mzima yeyote. "Hii nimeitoa sehemu zake za kiume. Sasa inamngoja yule."

Shangazi akaitazama ile bahasha juu ya suke, akaweka kikombe chini. "Yaani bibi harusi yumo humo kafunikwa, na bwana harusi nimemtupa jaani?"

"Ndiyo."

"Na wewe mshenga umesimama hapo unaniambia ahsante! Twende!"

Alicheka mpaka akashika mlango. Pipa letu liko mbele ya nyumba, mkabala na kituo cha basi, na watu waliokuwa wakingoja basi walitutazama tukichakura. Siku nyingine ningerudi ndani. Shangazi alikunja mikono ya baibui, akaibuka na bua kutoka chini ya maganda ya viazi. Mizizi ilikuwa imekatika na majani yamelegea, lakini suke moja lilikuwa zima, vifuko vyake bado havijatoka.

Nikakata ncha ya chini ya bua na kulitia kwenye gilasi ya maji.

"Atapona?" shangazi akauliza.

"Sijui. Labda achanue kabla hajakauka."

"Basi tumwache apumzike. Na siku nyingine mtu akikuharibia kitu, usimshukuru."

Nilikuwa bado nimemkasirikia kidogo, lakini nikacheka.

Asubuhi yake, kabla ya chai, vifuko vichache vya manjano vilikuwa vinaning'inia nje ya suke. Nikavitikisa juu ya karatasi nyeusi, ukadondoka unga kidogo sana. Nikaifungua bahasha, nikaanza na maua ya katikati ambayo yalionekana tayari, nikiyagusa moja moja kwa brashi ya rangi. Chavua iliisha kabla sijafika juu, nikayaacha yaliyobaki. Nikaifunga tena bahasha kwa uzi, nikakipandisha chungu hadi dirisha la chumbani kwangu, ambako wageni hawafiki.