Betri Niliyompa Kaka Siku ya Idd

Mjomba alipika miaka mingi kwenye mashua ya matanga ya Mzungu mmoja kule Tanga. Aliporudi kijijini kwetu Mgwashi alinipa kompyuta mpakato iliyochoka, inveta ya kugeuza umeme wa betri uendeshe kompyuta, betri mbili za gari, moja nzuri na moja ya zamani, na sheria moja: "Kule mashuani betri ya kompyuta haiguswi na mtu mwingine. Ukiinyonya mpaka mwisho, umeiua."

Nilikuwa nasubiri majibu ya kidato cha nne. Mama mmoja mwenye duka la kuchapa barua Lushoto aliniahidi jaribio la kuchapa. Nikifaulu, naanza kazi.

Kwetu umeme hakuna. Betri ikiisha inapanda basi kwenda kuchajiwa Bumbuli. Basi wiki ile ya jaribio, nikiwa shambani, kaka yangu mkubwa akaichukua betri nzuri, akaonyeshea mikanda kwenye banda lake la video mpaka ikaisha. Nilipomuuliza, akanicheka mbele ya rafiki zake.

"Mwoneni katibu muhtasi! Hata shikamoo anaisemea kifuani, atachapa nini huyu?"

Mimi mtu wa aibu. Ila moyoni nilimwekea. Kule Lushoto kwenye jaribio, bila mazoezi, vidole vyangu vilitafuta herufi kama kuku anayechakura. Mama yule akasema nirudi baada ya Idd, mara ya mwisho.

Nikachajisha betri zote mbili; ile nzuri, kwa bahati, ilipona. Ile ya zamani ilishakufa ndani: ukiipima inaonyesha imejaa, ukiipa kazi inazimia. Nikaisugua vichwa kwa msasa, nikavipaka grisi, nikaifuta mpaka ikang'aa kuliko ile nzima.

Idd pili kaka akaja na kanzu mpya.

"Nataka ile nzuri, usiniletee takataka."

"Chagua mwenyewe, kaka."

Akabeba inayong'aa. Nikamshikia na mlango.

Banda liko nyuma ya nyumba yetu, kila neno nilisikia. Mpiganaji ndiyo kwanza ameinua mguu, picha ikazimika, watazamaji wakapiga makelele.

"Mshushe basi mguu, mwenzetu anachoka!"

"Hii ndiyo Idd yetu? Mwizi wewe!"

Nasema kweli, nilifurahi mpaka tumbo likauma. Nikaunganisha kompyuta kwenye betri nzima, nikaanza mazoezi. Kaka akaja mbio, akagonga.

"Wewe! Nipe hiyo nyingine, watanivunjia banda!"

"Ile uliichagua mwenyewe."

"Mdogo wangu, nakuomba."

Hajawahi kuniomba kitu maishani. Nikasukuma komeo, nikarudi kwenye kiti, nikaendelea kuchapa bila kutazama vidole.