Kuku Aliyeatamia Ufunguo

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi miaka mingi katika duka la picha za kale pale Moseley, Birmingham, hudhani nilikuwa nikipangusa maua na mandhari. Hapana. Nilikuwa nikisafisha makalio ya wafalme. Mwenye duka, bibi wa Kiingereza aliyevaa sweta mbili hata mwezi wa Julai, alikusanya karatasi za kejeli za karne ya kumi na nane: juu picha, chini mashairi, zilizochapwa ili watu wawacheke wakubwa wao. Waziri ana mwili wa mbweha. Mfalme kakaa chooni, na wakuu wa serikali wamepanga foleni kumpelekea cha kujipangusia. Kazi yangu ilikuwa kuondoa vumbi kwa kusugua taratibu na makombo ya mkate mweupe, kisha kuibandika karatasi kwenye kadi ngumu na kuandika maelezo ya nani ni nani.

Hilo la nani ni nani lilinitia wazimu, kwa sababu wachoraji wale waliogopa kushtakiwa. Jina la waziri waliliandika herufi ya mwanzo na ya mwisho, katikati wakachora kistari. Niliwaona waoga, lakini nikawapenda pia. Kwetu Unguja hata hizo herufi mbili zingekuwa nyingi. Kwetu unatupa fumbo lako, humtaji mtu, na anayehusika atajijua mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na nilikuwa na hakika kwamba ndivyo ulimwengu unavyokwenda.

Sasa, mwenyekiti. Chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki kilikodi chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, Alum Rock Road, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, maana mwenye nyumba alikataza kuchongesha wa pili. Ufunguo huo ulikaa katika mfuko wa kifuani wa koti la mwenyekiti, mzee wa heshima mwenye kofia ya manyoya, mkarimu kupita kiasi, asiyejua saa ni mdudu gani.

Mimi nilitaka kitu kimoja katika chumba kile: darasa la Kiswahili la watoto, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, mzaliwa wa hapahapa Birmingham. Mama yangu alikuwa akitutumia kanda za kaseti kutoka nyumbani, anamwuliza mjukuu wake anakula nini, anacheza na nani, lini atakwenda kumwona. Binti alielewa kila neno. Akijibu, alijibu kwa Kiingereza, na mama yangu hakukijua Kiingereza. Nilitaka wazungumze wakati mama yangu yu hai, basi, sikuwa na kubwa zaidi ya hilo.

Mzee alilipenda wazo. "Nitakuja kuwafungulia mwenyewe," alisema, na hapo ndipo tulipoangamia. Jumamosi ya kwanza alifika saa tano na nusu. Ya pili hakufika kabisa. Ya tatu alifika, akakumbuka kwamba ufunguo umebaki kwenye koti jingine. Watoto kumi na wanne walisimama kwenye ngazi ya nje, kamasi zinawachuruzika, theluji inawaingia viatuni, na mimi nawaimbisha a, e, i, o, u ili wasigande.

"Mzee," nilimwambia, "baridi hii itakuumiza. Usijisumbue kuja."

"Si usumbufu hata kidogo, mwanangu."

Wiki nyingine nikamwambia, "Mzee, tunakuchosha."

"Hamnichoshi. Watoto ni baraka."

"Ingekuwa vyema ukapumzika Jumamosi, mzee."

"Nitapumzika kaburini, inshallah."

Mwaka mzima tulikwenda hivyo. Rafiki yangu, muuguzi kutoka Kenya ambaye wanawe wawili walikuwa wakiganda kwenye ngazi ile pamoja na wangu, alishindwa kunielewa. "Dada, si umwambie tu? 'Mzee, leta key.' Finish. Nyinyi watu wa pwani mnazunguka mpaka mtu anasahau mlikuwa mnaenda wapi." Nilimjibu kwamba hajui adabu. Mtu mzima humwambii akupe ufunguo alioushika kwa mkono wake. Ni kumwambia hafai. Nilisema hivyo na meno yanagongana kwa baridi.

Nikaamua kufanya kama wale wachoraji wa dukani. Nilichora kuku mnene ameketi kitini, badala ya mayai anaatamia ufunguo, na nje ya mlango vifaranga wamesimama kwenye theluji. Chini yake niliandika:

Kuku kalala kitini, hataki hata hatua,
ufunguo kifuani, vifaranga wanalia.

Sikuandika jina wala herufi. Hata kofia ya manyoya sikuichora, niliona itakuwa matusi. Muuguzi alinitafutia stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapishia, tukaazima mashine ya kurudufu ya kanisani kwake, na Jumapili kwenye mkutano tukagawa karatasi arobaini.

Aliyekuja kwanza ni mama aliyetunza masufuria makubwa ya shughuli. Alisimama mlangoni kwangu, akakataa kuingia, akasema kama chama kinataka masufuria yake kiseme, si kumwita kuku. Akafuata mweka hazina, aliyekuwa na funguo za kabati la vitabu, na mkewe nyuma yake amenuna. Akaja mwalimu wa kwaya ya Wakenya, anayehifadhi gitaa la wote chini ya kitanda chake, akanieleza kwa utulivu wa kutisha kwamba gitaa lile lina ufa na si kila mtu aliguse. Mume wangu mwenyewe aliweka kijiko chini, akaniuliza, "Unamaanisha mimi na redio?" Nilikuwa sijui kama watu wa mtaa wetu wa Saltley wanakalia vitu vingi kiasi hicho. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa watu ambao sikuwa nimewachora.

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. "Umempata barabara," alisema akijifuta machozi. "Ni yule mama wa masufuria. Siku nyingi namwambia." Akaomba nakala nyingine isiyo na mkunjo, akaibandika ukutani juu ya kiti chake, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Nilimsimulia yote mwenye duka, nikitarajia anionee huruma. Aliendelea kutafuna sandwichi yake. Akaniambia wengi wa wale mawaziri walikuwa wakijinunulia picha zao wenyewe na kuwaonyesha wageni, na asiyechorwa alijiona hana cheo. Nikamwuliza, kwa hiyo hazikusaidia kitu? "Watu walicheka," alisema. Miaka yote ile nilikuwa nikisugua makombo ya mkate nikiamini kila karatasi iliangusha serikali. Siku ile nilimwangalia yule mbweha katika koti lake zuri, nikamkasirikia kama jamaa yangu.

Majira ya baridi yaliyofuata watoto walikuwa wamebaki watano. Wazazi wengine walichoka, na sikuwalaumu. Jumamosi moja mzee alifika karibu saa sita, anapanda ngazi taratibu huku kashika ukuta, na mimi maneno yakanitoka.

"Mzee, yule kuku ni wewe. Nataka ufunguo."

Alisimama. "Mimi?"

"Wewe, mzee."

Alitia mkono kifuani, akautoa, akauweka kiganjani mwangu papo hapo, bila hata kuuliza utarudi lini. "Ulikuwa ukiutaka huu?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mimi nilidhani unanionea huruma kwa ajili ya baridi. Natoka kitandani na magoti haya, nasema nisimwangushe mwanangu. Mbona hukuniomba?"

Nilikuwa na hasira ya kuvunja kitu, na safari hii sikuwa na mtu wa kumchora. Nilimfungulia mlango, nikamvutia kiti, nikamwashia hita.

Jumamosi iliyofuata nilifungua saa nne kamili. Habari zikaenea, watoto wakarudi, na wapya wakaja, wengi wadogo wa miaka sita na saba. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na moja sasa, mrefu kuliko mimi. Alikaa nyuma, magoti hayaingii chini ya meza, akasoma pamoja nao baba, mama, kiti, meza. Wiki ya pili hakuja, na sikumlazimisha, kwa kuwa hata mimi ningeona haya. Mama yangu alifariki kabla hawajazungumza.

Darasa lile nililifundisha miaka mingi. Wanafunzi wangu leo ni watu wazima. Tukikutana High Street ya Kings Heath wananiamkia shikamoo, wananiuliza hali, wanataniana nami kwa Kiswahili safi kabisa. Binti yangu husimama kando na mifuko ya sokoni, akisubiri tumalize.