Anayeimba Bafuni

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani, na mguu wake una masikio. Cheka tu, lakini mwangalie akiwa kazini: anakanyaga, anasimama, anasikiliza, anakanyaga tena. Mteja mgeni hudhani mashine ni mbovu. Mashine ni nzima, ila roho ya fundi iko juu juu.

Binti yake ana kifafa. Alipokuwa darasa la nne alianguka bafuni, uso ndani ya beseni la maji, na mama yake alimkuta kwa bahati tu, kafuata sabuni. Komeo la mlango likang'olewa siku hiyo hiyo, na sheria ikawa moja: ukioga, imba. Ukinyamaza, naingia. Dawa mtoto anameza asubuhi na jioni, lakini mama mdogo anaiamini sauti kuliko vidonge. Sisi tukambatiza mtoto Redio. Alicheka nasi mpaka alipovunja ungo. Hapo akaacha kucheka, akaacha na kutuambia mambo yake.

Mchana mmoja nilikuwa namsaidia mama mdogo kushona vifungo. Redio akaingia kuoga, wimbo ukaanza, kola ya shati ikawa inakwenda vizuri. Uzi ukakatika. Mama mdogo akasimamisha mguu atunge upya.

Cherehani ikaendelea kulia.

Mimi nilibaki nimeduwaa. Yeye alielewa. Mguu umetulia, gurudumu limetulia, na bado krrr, krrr inatoka bafuni, chini ya wimbo. Mtoto alikuwa amejirekodi siku nyingine, cherehani ikinguruma nyuma yake, akaiacha simu imwimbie. Sasa yeye mwenyewe huko ndani yukoje?

 Mama mdogo aliinuka na kola mkononi, na kile chumba chetu kidogo cha kugeukia tu kikawa hakiishi kuvukwa.

Tulimkuta Redio ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkavu, na nguo zake mwilini, simu magotini. Hakuwa ameanguka. Alikuwa amenyamaza tu.

"Nimechoka kuimba kila siku ili ujue sijafa," alisema.

Nilikuwa na utani mdomoni, nikaumeza. Mama mdogo akajiachia sakafuni palipolowa. Akasema hata mtoto akiwa shuleni, yeye husikia lile beseni.

"Naogopa, mwanangu. Hata kwenda chooni naogopa, nisije nikakukosa."

Redio alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Komeo halijarudi, ila siku hizi Redio akioga, anayeimba ni mama mdogo. Sauti yake, Mungu anisamehe, ni ya bati linaloburutwa. Wateja wawili wameshahamia kwa fundi mwingine. Akimaliza ubeti ananyanyua mguu, na Redio anagonga ndoo kumjibu.

Jana alichelewa kugonga. Kola ilishaanguka, mama mdogo keshafika mlangoni, ndipo tukasikia: ngo.

Akarudi kukaa. Uzi ulikataa kabisa kuingia kwenye tundu la sindano, mpaka nikamtungia mimi.