Mshika Taa wa Fundi Koki

Mara ya kwanza alikuja kwangu kununua mlango. Nauza milango na madirisha ya nyumba zilizobomolewa, kwa hiyo nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mteja: wa ndani au wa nje? Akasema, "Wa kulala." Akaulaza mmoja chini, akachuchumaa, akafumba jicho moja kuangalia kama umepinda, akataja bei yake mara moja, akanyamaza. Nikampandishia, nikamteremshia, nikamlilia jinsi mbao zilivyo adimu. Kimya. Mtu asiyebishana bei hunichosha kuliko mwizi. Nikampa mlango ili aniondokee.

Baadaye nikaambiwa ni fundi bomba wa mtaa wa nyuma, anaitwa Fundi Koki, mtu wa makamo aliyepinda mgongo kwa kuingia chini ya masinki, na kwamba mlango wangu ameufanya meza ya kuchezea. Nikadhani karata. Kumbe ni mchezo wa mdomo na kete: watu wanajifanya mashujaa wanaoingia mapangoni kutafuta hazina, na yeye ndiye msimuliaji, anaeleza wanachokiona na kusema kwa niaba ya kila wanayekutana naye. Penye shaka, kete zinaamua.

Aliupata kazini, katika nyumba iliyofurika maji. Mpangaji alikuwa amehama akaacha kisanduku cha kete na kitabu kilichorowa. Fundi Koki akakianika ukurasa kwa ukurasa. Sura za majoka na uchawi zilikuwa zimegandana hazibanduki. Iliyopona nzima ilikuwa moja tu: namna ya kuajiri vibarua wa kwenda nao pangoni. Basi, joka la Fundi Koki ni joka tu, linatema moto, imekwisha. Lakini mbeba mizigo wake ana shemeji mkorofi, ana jino linalomsumbua, na ana msimamo.

Haya yote nilielezwa aliporudi kuniomba chumba. Nyumba aliyopanga ilikuwa inauzwa, na kwa dada yake alikokuwa anahamia hapatoshi hata kugeuka. Alitaka chumba cha juu cha ghala langu, Jumapili mchana.

"Nikikosa, mama, mchezo umekufa," akasema, kwa sauti ileile ya kutajia bei.

Hana mke, hana mtoto, pombe hanywi. Watu wake ni wale wanaokuja kukaa kwenye ule mlango. Lakini chumba hichohicho kilikuwa kinatakwa na muuza magodoro. Nikamwambia nitakuja kwanza nione huo mchezo.

Nikamkuta kwake na dada yake, ambaye ni muuguzi, na kinyozi wa pale kona. Nikapewa kuwa tajiri wa msafara.

"Huyo hajifanyi," kinyozi akasema. "Huyo amekuja kama alivyo."

Nikasema nataka mshika taa. Fundi Koki akaingiza shingo mabegani, sauti ikawa ya puani. Akawa kibarua anayeitwa Kibatari.

"Kazi gani, tajiri?"

"Kushika taa."

"Na kamba je? Huko kuna mashimo."

"Ukishataja kamba utadai nyongeza. Taa tu."

"Taa tu?"

"Taa tu. Na chakula ujitegemee."

"Haya, tajiri."

Dada yake akatikisa kichwa. "Mama Milango, umempunja huyo."

"Biashara hiyo, mwanangu."

Tukaingia pangoni. Wenzangu wakatangulia kuvuka shimo. Zamu yangu ilipofika, ukingo ukamomonyoka, nikabaki nimening'inia kwenye kamba, na ncha yake inateleza miguuni pa Kibatari.

"Kibatari, shika kamba!"

"Tajiri, mimi ni wa taa."

"Shika nakwambia, nakufa!"

"Nakumulika, tajiri. Kazi yangu naifanya."

Kinyozi alicheka mpaka akapaliwa. Mimi roho ikawa juu. Nikaahidi nyongeza, nikaahidi chakula. Fundi akasema kibarua aliyebanwa hivyo harudishwi kwa ahadi, anarushiwa kete ijulikane kama bado ana moyo na bosi wake. Akaokota kete.

"Fundi," nikamwambia, "unakumbuka nimekuja hapa kuangalia nini?"

Dada yake akampiga teke chini ya meza. Niliuona mlango unatikisika.

"Nakumbuka, mama," akasema. "Lakini Kibatari hajui habari za chumba."

Akarusha. Nikaanguka shimoni. Kibatari akaenda zake, na taa akaondoka nayo.

Nilirudi nyumbani nikifyonya njia nzima. Mwenye shida hupunguza bei. Maisha yangu nimeyajenga juu ya hilo. Huyu shida anayo, na kupunguza hataki.

Kesho yake akaja muuza magodoro. Nikamwambia asipige misumari. "Sawa mama." Atengeneze paa kwa gharama yake. "Sawa mama." Jumapili afunge. "Sawa mama, Jumapili sifungui kamwe." Anayekubali kila kitu hajasikia hata kimoja. Chumba nikampa, ila nikajua nitahitaji mtu wa kuingia humo kila wiki na kuniambia bila kupaka mafuta kama paa linavuja na kama ukuta umejaa misumari. Nikamwita Fundi Koki: chumba chako Jumapili mchana, badala ya kodi unaniangalizia mabomba na kuniambia hali ya chumba.

"Mabomba ya wapi?" akauliza.

"Ya ghala. Na ya nyumbani."

"Ya nyumbani ni kazi nyingine, mama."

Nikashika kichwa.

Sasa wanacheza katikati ya magodoro yaliyopangwa hadi darini. Fundi Koki amepata mahali, ila amempoteza kinyozi: Jumapili ya kwanza alijiegemeza kidogo kwenye godoro, na tangu hapo anakuja kulala. Mimi nina wapangaji wawili katika chumba kimoja, na habari za misumari nazipata zote, hata nisizozitaka. Lakini tajiri wangu wa mchezoni bado yumo shimoni. Kibatari amekubali kurudi kwa masharti yake: kamba ni kazi ya pili, chakula juu yangu, na nimwombe radhi mbele za watu. Kamba nimekubali. Chakula nimekubali. Radhi, hapana. Jumapili iliyopita nilikaa gizani mchana kutwa, nikiwasikiliza muuguzi na vibarua wake wakigawana hazina.