Niligonga Namba Yangu kwenye Kazi ya Kadzo

Nianze na kosa lenyewe kabla sijapata nafasi ya kujipamba. Mimi ni mwizi. Sikuiba simu wala kuku wa mtu. Niliiba mshono wa chuma alioutengeneza mwenzangu, nikaugonga namba yangu, nikapigiwa makofi, naye akafukuzwa mbele ya macho yangu. Usinionee huruma. Nisikilize tu.

Mimi ni binti wa fundi. Baba ana kibanda cha kuchomelea vyuma huku Magongo, na nimekulia kwenye cheche zake. Kabla sijamaliza shule ya msingi nilikuwa nimeshashika rodi na kuchomelea bawaba. Kwa hiyo nilipoingia chuo cha ufundi kusomea kazi hiyohiyo, niliingia kichwa juu. Wenzangu walihangaika, rodi zikiwanata kwenye chuma, nami nikicheka. Haki ya Mungu, nilikuwa nikicheka!

Kwa baba nilijifunza ujanja mmoja ambao mafundi wengi wa barabarani wanaujua. Vyuma viwili vikiachana, pengo likiwa kubwa, unachomeka kipande cha rodi ndani ya pengo, halafu unapitisha mshono mzuri juu yake. Ukishapiga grainda na rangi, mwenye geti anakushukuru na kwenda zake. Ndani hapajashikana hata kidogo, lakini nani atachungulia?

Mwalimu wetu wa karakana, mtu wa bara mwenye sauti kama honi ya lori, aliukemea ujanja huo tangu wiki ya kwanza. "Mshono wa chini ndio kazi!" alikuwa akifoka. "Wa juu ni mapambo!" Akatufanyisha huo mshono wa chini, ule unaoshikanisha vyuma kwa ndani, wiki baada ya wiki, mpaka nikauota. Nikachoka. Nikawa natoroka, najibanza nyuma ya karakana na simu yangu. Nifunzwe nini tena, mimi niliyezaliwa kwenye cheche? Ujinga mtupu!

Niliyekuwa nikishiriki naye chumba cha kuchomelea ni Kadzo, msichana wa Magogoni, kule Kisauni. Kabla ya chuo alikuwa hajashika hata koleo. Mwanzoni rodi zilimnata mpaka akalia. Lakini ana subira ya ajabu yule! Mchana sisi tukila, yeye alikuwa amechuchumaa anajifunza kwenye vipande vilivyotupwa. Kila mara aliniita, "Mwenzangu, hebu niangalilie, pale chini pameshikana?" Nami nilimjibu bila kuangalia, "Pazuri."

Ukafika mtihani wa mwisho. Karakana moja ya matangi upande wa Port Reitz ilikuwa imemwahidi mwalimu kwamba itamchukua mwanafunzi mmoja, yule ambaye mshono wake utakuwa bora. Nafasi moja, darasa zima! Baba alishawatangazia wateja wake kwamba nafasi hiyo ni yangu.

Mtihani wenyewe ni hivi. Unapewa mabamba mawili uyaunganishe. Ukimaliza unagonga namba yako kwenye chuma kwa mihuri na nyundo, pigo moja kwa kila tarakimu, unaweka kazi mezani. Mwalimu anakata kipande penye mshono, anakikunja kwa mashine mbele ya wote. Kikikunjika bila kupasuka, umepita.

Mabamba yangu yalinishinda mapema. Nilichoma moto mkali, chuma kikayeyuka, pengo likabaki wazi kama mdomo wa kibogoyo. Mkono wangu ukafanya uliyoyazoea. Nikachomeka kipande cha rodi, nikapitisha mshono juu. Kwa nje, ungeuona ungeusifu. Kisha nikakumbuka ile mashine ya kukunja.

Kadzo alikuwa amemaliza kabla yangu. Aliacha kazi yake ipoe, akatoka kwenda kunawa uso, maana joto la kile chumba si la mtu. Akaniambia akiwa mlangoni, "Ikipoa nigongee namba, mwenzangu." Ndivyo tulivyozoeana. Leo ananigongea yeye, kesho namgongea mimi.

Namba yangu ilikuwa kumi na tisa, yake ishirini. Nikagonga kumi na tisa kwenye kazi yake. Nikagonga ishirini kwenye yangu. Mapigo manne tu ya nyundo! Nikazibeba zote mbili mezani kabla hajarudi.

Alipokuja akaniuliza, "Umenigongea?"

"Nimekugongea. Zote ziko mezani."

"Ahsante mwenzangu. Mungu akubariki."

Neno hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Kipande cha kumi na tisa kilikunjika kama chapati. Mwalimu akakiinua juu, darasa likapiga makofi, nami nikatabasamu. Nilitabasamu! Kikaingia cha ishirini. Hakikufika hata nusu. Kilipasuka, na kile kipande cha rodi nilichokichomeka kikadondoka sakafuni, kila mtu akakiona.

Kadzo alisogea, akainama, akaangalia ule mshono uliopasuka. Kisha akaangalia wa kwanza. "Mwalimu," akasema polepole, "hii si kazi yangu. Mimi mkono wangu naujua. Kazi yangu ni ile ya kumi na tisa."

Mwalimu akanigeukia. "Wewe, ni kweli?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Neno moja lingetosha. Nikasema, "Mimi sijui anazungumza nini, mwalimu."

Mwalimu alimwakia Kadzo kama moto. "Unachomeka takataka, halafu unataka kumwibia mwenzako jasho lake! Namba ni namba! Toka kwenye karakana yangu!" Kadzo akavua glavu, akazikunja, akaziweka juu ya meza. Aliniangalia mara moja tu, akatoka. Chuoni hakurudi tena.

Nafasi nikapata mimi. Basi sikiliza nilivyoifaidi! Siku ya pili kazini, msimamizi alinipa mabamba. "Nionyeshe mshono wa chini, ule uliosifiwa." Nikachoma, ukatoboka. Nikarudia, ukatoboka. Alinitazama, akatazama mikono yangu, akacheka kwa pua. Tangu siku hiyo nasugua kutu kwa brashi ya chuma na kuwabebea wengine mashine. Jioni najaribu kwenye vipande vilivyotupwa, kama alivyokuwa akifanya Kadzo, lakini mshono haukai. Nalia kwa hasira ndani ya helmeti. Na nikifika nyumbani namkuta baba akimwambia mteja, "Binti yangu huyu achomelea matangi!"

Ikanizidi. Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda Magogoni. Mama yake alinifungulia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, Kadzo yuko jikoni." Nikamkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwambia yote, mpaka yale mapigo manne.

Hakushtuka. Aliendelea kukuna. "Nalijua siku ileile," akasema.

"Mbona basi hukunifuata? Hukupiga kelele?"

"Nalisema, mbele ya darasa zima. Ambaye hakusema ni wewe."

Nikapiga magoti palepale, nikamwomba anisamehe. Akaiweka nazi chini. "Msamaha wa jikoni wanifaa nini mimi? Mamangu mwenyewe adhani nalidanganya. Majirani wajua nalifukuzwa kwa wizi. Mtihani nataka kurudia, lakini mwalimu hataki kuniona. Wataka nikusamehe? Nenda ukaseme palepale uliponyamaza."

Nikamwahidi. Leo ni mwezi wa tatu! Mara mbili nimefika kwenye geti la chuo. Mara ya pili nilimwona mwalimu kupitia dirisha, nikageuka kama mbwa aliyeramba mboga. Nikisema, kazi itakwenda. Baba atainamisha uso Magongo nzima. Najichukia, na bado nageuka!

Ndipo nikaona afadhali niandike hapa, bila jina, huenda moyo ukatulia. Nimeyasoma maandishi yangu tangu juu, nikaona nilichokifanya. Nimechomeka tena kipande cha rodi kwenye pengo, nikapitisha mshono mzuri juu. Wewe umenisoma, pengine umenihurumia, na Kadzo bado ni mwizi kule Magogoni.

Ewe uliyeko chuoni sasa, uliyekuja ukijua kila kitu kwa sababu baba au mjomba ni fundi, shuka. Huo mshono wa chini unaoudharau utaulilia. Na kama umeshamfanyia mwenzako nilivyomfanyia Kadzo, usingoje miezi mitatu kama mimi. Usikimbilie kuwaambia watu wasiomjua, ukadhani umetubu.

Hayo ya juu niliyaandika juzi; jana nikamwambia baba yote. Hakunipiga wala hakunitukana. Alizima mashine, akakaa juu ya gurudumu kuukuu, kisha akasema, "Ujanja ule nimekufunza mimi." Akaingia ndani bila kula.

Hapa sikuliandika jina langu. Kesho asubuhi nitalitaja karakanani, mbele ya mwalimu na darasa lake jipya, pamoja na namba zote mbili. Nimemtumia Kadzo ujumbe aje asikie. Ameusoma, hajajibu. Nitakwenda hata asipokuja.