Vijiko Sita vya Fedha

Laiti ningeukataa ushauri ule palepale Kakuma. Ilikuwa mwaka 2012, na mama mmoja Mhabeshi, muuza vyombo vikuukuu sokoni, alikuwa ameniuzia vijiko sita vya chai vya fedha halisi, vilivyofuliwa kwa mkono Ulaya kabla sijazaliwa. Alama za nyundo ya fundi zilionekana bado, na mgongoni mwa kila kijiko palikuwa na muhuri wa simba mdogo kama chawa. Akavifunga kitambaani. "Mzee, fedha haina undugu," akasema. "Vihesabu kabla mgeni hajatoka mlangoni." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa siri ya serikali.

Nilikuwa karani mstaafu mwenye nyumba ya mabati Lodwar, vijiko hivyo, bakuli la sukari lililobonyea na birika la fedha lenye mkono uliolegea. Hayo ndiyo niliyoyaita hazina yangu. Kila Jumamosi nilivisugua vijiko kwa majivu ya jikoni na ndimu.

"Baba watoto," mke wangu alisema, "mgongo wangu hujawahi kuusugua hivyo."

Jirani yangu, mzee wa Kiturkana mfuga mbuzi, alikuja kunywa chai kila alasiri kwa miaka kumi na tisa, na kigoda chake mkononi. Aliyacheka mambo yangu bila huruma.

"Ejok, karani," alinisalimu kwa Kiturkana. "Hii kijiko inaongeza chai utamu gani?"

"Ni fedha, ndugu yangu."

"Hata mbuzi yangu haiwezi kukula hii. Na mbuzi inakula viatu."

Jumamosi moja ya 2013 aliinuka kwenda zake. Nikahesabu, tena kwa sauti. Vitano. Nikahesabu upya, kisha macho yangu yakaenda yenyewe kwenye shuka lake.

Aliyaona. Akaweka kigoda chini, akalivua shuka begani, akalikung'uta mbele ya mke wangu. Kilianguka kipande cha tumbaku.

"Hesabu na hiyo," akasema, akaokota kigoda chake akatoka.

Jumatatu mke wangu alimwaga ndoo ya majivu nyuma ya jiko, kijiko kikalia kwenye mawe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau humo nikivisugua, mhifadhi mkuu wa hazina.

Jirani alikuwa amekwisha kuhamia kwa mwanawe kule Lokori, na mbuzi wake wote. Nilimfuata. Nilimwonyesha kijiko, nikamwambia kosa ni langu, nikaomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati.

"Nimekusamehe, karani. Lakini kwako nitakunywa chai namna gani, na wewe unahesabu?"

Hakurudi. Alifia hukohuko Lokori, na habari zilinifikia akiwa amekwisha kuzikwa. Vijiko ninavyo vyote sita. Kuvihesabu kulinipotezea rafiki pekee niliyekuwa naye Lodwar, na tangu hapo alasiri chai nainywa peke yangu.