Utani Wetu Ulivyoingia Sokoni

Nashona nguo Korogwe, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, si mbali na stendi. Zamani mtu akinikazia macho nilijua anataka bei ya sare ya harusi na anaogopa kuuliza. Siku hizi akinikazia macho nainamia cherehani, nashona hata pasipo na uzi. Najua ameniona wapi.

Kwetu ni Handeni, mbele kidogo ya Chanika, na ukoo wetu una watani wake. Asiyekulia huku hudhani utani ni maneno ya kuchekeshana tu. Ni kazi. Mtani wako akifa, wewe ndiye mwenye ruhusa ya kufanya yale ambayo mtoto wa marehemu akiyafanya atalaaniwa. Unavaa nguo zake, unamwigiza alivyotembea na alivyogomba, unausema ubahili wake mbele ya wafiwa, kisha unalala mlangoni jeneza lisitoke mpaka ulipwe. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ukishalipwa unajipangusa vumbi, na kile ulichopewa kinanunua sukari ya chai ya matanga, mnainywa wote pamoja. Msiba usio na watani ni msiba wa mtu asiye na watu.

Kazi hiyo niliirithi kwa mama yangu, na nisijishushe bure, naiweza. Nina mdomo.

Kwa hiyo mzee mmoja, mtani wetu, alipofariki, nilifunika cherehani nikapanda gari la Handeni. Mzee huyo alikuwa na koti zito la kijivu ambalo hakulivua hata kwa jua la saa saba, na kikohozi cha makusudi: alianza kukohoa akiwa bado njiani ili mkewe asikie aweke chai jikoni. Nikalivaa koti, nikashika fimbo yake, nikakohoa kutokea nyuma ya nyumba. Mjane alikuwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, na tangu jana yake alikuwa hajatia kitu mdomoni. Akainua kichwa. Nikamwuliza kwa sauti ya mumewe chai iko wapi, au kwa kuwa nimekufa ndiyo mmeamua kunibania. Akacheka mpaka akanishika mguu. Halafu nikaenda kulala mlangoni na koti lake, nikawaambia wanaume waliobeba jeneza kwamba huyu aliniahidi jogoo na jogoo sijamwona, hatoki mtu hapa.

Mjane mwenyewe ndiye aliyefungua pindo la kanga akanilipa. Aliponiinamia aliniambia polepole, "Mtani, na mimi siku yangu usiniache nikatoka hivi hivi."

"Wewe nitakuzibia mlango mpaka unuke," nikamjibu.

"Haya," akasema, na niliona ameridhika.

Aliyerekodi sikumjua, na siku ile sikumwona. Msibani kuna watu wengi, wengine wamekuja na wakwe kutoka mbali. Video ilinifikia kupitia kwa binti yangu. Yeye anaoka keki za harusi hapahapa Korogwe na kuzitangaza mtandaoni. Alikuja kibarazani, akanipa simu. Video ilianzia pale nilipolala mlangoni. Mjane anayecheka hakuwemo. Ukurasa ulioirusha ulikuwa wa vituko, wa mtu tusiyemjua, na juu yake waliandika kwamba mama mmoja amevamia msiba na kuteka maiti. Chini yake watu walikuwa wamejaa. Chizi huyo. Mlevi. Mchawi. Polisi wako wapi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Sikuudhika. Kwetu anayekutukana kwa habari ya msiba ni mtani wako, na jibu la mtani ni kumzidi. Nilifurahi hata, nikaona kumbe utani umefika mikoa yote. Nikachukua simu yangu, nikaanza kuwajibu mmoja mmoja, kwa jina langu na picha yangu ya Idi. Mmoja aliandika, "Huyu ndiye aliyemla huyo mzee." Nikamjibu: "Nimemla kweli, ila alikuwa mgumu, meno yananiuma mpaka leo. Wewe unaonekana laini, unakaa wapi?"

Nilicheka peke yangu, nikaendelea na kazi yangu ya kupinda suruali.

Jibu langu walilikata, wakalibandika pembeni ya picha yangu ya Idi, likazunguka kurasa nyingine. Mchawi akiri. Ulimi uliponza kichwa, na kichwa changu kilikuwa kimevaa mtandio mpya wa sikukuu. Mteja wangu mmoja wa Mkumbara, aliyekuwa ameniletea kitambaa cha nguo ya bintiye, alirudi kukichukua kikiwa hakijakatwa. Alisema wamebadilisha mawazo. Aliyasema hayo akiitazama pasi. Nikamkunjia kitambaa chake vizuri, nikakitia kwenye mfuko, nikampa.

Jioni ile nilimfuata binti yangu jikoni kwake, akiwa anapiga mayai. Nilikuwa nimewaka. Nilimwambia awaandikie wenye mtandao waitoe ile video. Akasema ameshawaandikia na hawajamjibu.

"Hawaoni haya?" nikamwuliza. "Wanapata nini mimi nikitukanwa?"

Akaweka bakuli chini. "Mama, unadhani ule mtandao ni wa bure?"

"Si nanunua bando?"

"Bando ni la watu wa simu. Wenye mtandao wanalipwa na sisi wenye matangazo. Mimi nikitaka keki zangu zionekane, nawalipa. Nawaambia nataka wanawake wa Korogwe na Handeni, walio na harusi karibu. Wao wanajua nani ana harusi karibu, kwa sababu wanaona anachokitazama. Basi wanamwekea keki yangu mbele ya macho. Wanachouza ni hayo macho."

"Na mimi nimeingiaje?"

"Wewe ndiye unayewakalisha." Aliniangalia kama anayemwambia mtu habari ya ugonjwa wake. "Mtu akiona kitu kizuri anasema kizuri, anapita. Akiona kilichomkera anasimama. Anaandika. Anarudi kuona amejibiwa nini. Kila akirudi anakutana na tangazo. Mtambo wao ukiona kitu kimesimamisha watu, unakipeleka kwa watu wengine zaidi. Na wewe mama uliwajibu. Wakarudi wote."

Nikauliza kama anayetukana na anayesifu wanahesabiwa tofauti. Akasema kwao ni mamoja.

Kwa wahenga ilikuwa kufa kufaana, na nilidhani nauelewa msemo huo. Mimi mwenyewe nimelala kwenye milango ya watu nikidai malipo. Lakini nililala mbele ya macho yao, kila mtu akijua nadai nini na kwa nani, na sukari tuliinywa wote. Huyu aliyelipwa safari hii hakuwa amemjua mzee, hakuwahi kusikia kikohozi chake, na chai ya matanga hakuinywa.

Hayo niliyasema kwa sauti, nikatembea jikoni nikiyasema tena. Binti yangu alijipangusa mikono. Kisha akachukua simu, akaifungua ile video, akashusha kidole kidogo, akanionyesha. Chini yangu nikiwa nimelala na koti la marehemu palikuwa na keki ya ghorofa tatu, nyeupe, yenye maua ya waridi. Ilikuwa yake.

"Nililipia watu wa Korogwe," akasema. "Watu wa Korogwe walikuwa wanakutazama wewe."

Nikakumbuka kwamba wiki ile oda zake zilikuwa zimeongezeka. Nilikuwa nimeziona mwenyewe nikasema Alhamdulillahi. Mfuko wa unga ulikuwa pale kwenye kona, mpya, na usiku uliotangulia nilikuwa nimekula kwake wali na kuku. Nilikaa kwenye kigoda nikajifunika uso na ushungi kama mwali. Sijui niliona haya mbele ya nani, kwa sababu jikoni tulikuwa wawili tu.

Alisimamisha matangazo kwa muda. Oda zikapungua, akayarudisha. Sikumkataza.

Na ningesema kwamba mimi niliacha kutazama, ningekuwa naongeza aibu juu ya aibu. Niliendelea. Nilifungua simu asubuhi kabla ya kufagia, nikasoma matusi yangu, nikasoma na ya jana, nikatafuta kama kuna aliyenitetea. Nilikuwa mteja wao mzuri kuliko wote. Simu nayo ikanisoma. Ikaona huyu mama anasimama penye misiba, ikaanza kuniletea misiba ya mikoa nisiyoijua, wanawake wanagaragara chini, watoto wanashikiliwa makaburini, na katikati yao dawa ya kutuliza mashetani na marumaru za kujengea kaburi. Nilitazama yote. Mimi, mtu niliyefundishwa kwamba msibani unaingia na kitu mkononi, nilikuwa naingia misiba ya watu nimekaa nakula karanga.

Kwa mjane sikwenda. Nilipaswa kwenda, kumweleza, kumtania, hata kumwomba radhi. Nilipita Chanika nikielekea kwa dada yangu nikajifunika mtandio. Baadaye dada yangu aliniambia kwamba mjane ameonyeshwa video na mjukuu, akaitazama mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Mbona wamekata pale nilipocheka?"

Mwaka huu mjane naye amefariki.

Nilipopata habari sikufikiri mara mbili. Nilijua nitamwigiza vipi. Alikuwa na tabia ya kuwagombeza kuku kama wakwe zake, na alipokupimia mahindi alipangusa juu ya kibaba kisijae pomoni. Nilifanya mazoezi kimya kimya kwenye cherehani, hata nikacheka. Nilisema moyoni, leo namlipa. Nikafunga safari.

Nilipoingia uani wanawake waligeuka, na nikaona simu zinainuka. Hazikuwa za watu wabaya. Binti mmoja aliyevaa baibui zuri aliniamkia shikamoo kwa adabu kamili, akamsogeza mwenzake pembeni ili mwanga uniangukie vizuri, akasema, "Mama, tulikuwa tunakungoja wewe." Mwingine akamwambia jirani yake, ndiye yule. Binti wa marehemu alikuwa amesimama karibu na mlango, macho mekundu, ananitazama.

Akilini nilimwona yule mama wa Mkumbara akiitazama pasi. Nikaona keki ya mwanangu imewekwa chini ya mjane, yenye maua. Nilikaa kwenye mkeka, nikainamisha kichwa, nikawa kama mwanamke yeyote aliyekuja kuhani msiba.

Jeneza likatolewa ndani. Wanaume walipofika kizingitini walipunguza mwendo. Niliwaona. Aliyetangulia aliangalia chini, pale mahali pa mtu wa kulala, akasita, na waliokuwa nyuma yake wakasita pia. Kisha akavuka, wakavuka wote, na mtani wangu akatoka hivi hivi.

Simu zikateremshwa moja moja. Hapakuwa na cha kurekodi.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, binti wa marehemu alinifuata mkekani. Alikuwa ameshika kipande cha kanga kilichofungwa fundo, kimekaa sana kiasi kwamba mikunjo ilikuwa imeshika rangi ya vumbi. Akaketi karibu yangu.

"Hii aliifunga mwenyewe," akasema. "Muda mrefu. Aliniambia ni yako, ya kukutoa mlangoni. Alisema wewe utadai kikubwa, lakini nikupe hii hii tu, nisikuongezee, utainuka."

Alikuwa hanilaumu. Alikuwa ameishika tu, hajui afanye nayo nini. Nikamwambia ikanunue sukari ya chai, kama ilivyo desturi.

Akalitazama fundo, akalirudisha kifuani mwake.

"Sukari ipo, mama," akasema.